Dakika Kumi Kati ya Malango

JUMANNE, SAA NNE ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi, na kila kitu ndani yake kilinuka mpira. Meza moja. Viti vinne, kimoja mguu umekatika na kuegemezwa kwa tofali. Juu ya meza ilikuwepo kompyuta ya Karani, na kando yake mchoro wa bohari, umechorwa kwa kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Mwenyekiti.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Zamani aliongoza chama cha wenye malori, mpaka siku alipogundua kwamba kuyaiba kuna nafuu kuliko kuyatetea. Tabia ya mikutano haikumtoka. Ukitaka kusema, unanyoosha mkono. Ukisema bila ruhusa anakutazama tu, na waliowahi kutazamwa hivyo mara mbili hawakuwa tena chumbani mle.

"Ajenda ni moja. Tela la nyaya za shaba. Karani, eleza."

Karani aliivuta kompyuta karibu. Miaka sita alikuwa karani wa bohari ile, mpaka walipompunguza kazini kwa barua ya mistari mitatu. Aliijua kama jiko lake.

"Kichwa kitupu cha lori kinaingia bila kuulizwa. Kwa kutoka, malango ni mawili," alisema. "La ndani linafunguliwa kwa kengele tu. Ukilipita, linafungwa nyuma yako. La nje halifunguki bila karatasi, kibali cha kutoka. Katikati ni uwanja wa zege, kuta pande zote. Lori likikaa pale dakika kumi bila karatasi, mlinzi anapiga king'ora."

"Karatasi anaitoa nani?"

"Hakuna. Inajitoa yenyewe."

Bubu alicheka. Huyo aliitwa Bubu kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kunyamaza. Mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni, na kila mtu alijua umeshika bastola humo. "Inajitoa yenyewe! Mbona karatasi za kwetu hazijui kazi hiyo?"

Mwenyekiti alimtazama. Bubu akanyoosha mkono wa kushoto kuomba radhi.

Karani aligeuza kompyuta wote waone. Jedwali la kawaida: namba za malori, majina ya madereva, safu ya Hali, safu ya Saa, safu ya Maelezo.

"Humu kuna makro, mistari ya amri inayofanya kazi badala ya mtu. Ya kawaida unaibonyeza ndipo inafanya kazi. Hii haibonyezwi na mtu. Inangoja tukio. Kufungua faili ni tukio. Kubadilisha neno kwenye kisanduku ni tukio. Kufunga faili ni tukio. Imelala kama mbwa mlangoni. Tukio lake likipita, inaamka." Aliandika TAYARI mbele ya lori moja. Papo hapo saa ikajiandika kwenye kisanduku cha pembeni, na mstari ukatokea chini: kibali kimetumwa langoni. "Kule kibandani kwa mlinzi kuna printa. Inatema karatasi, lango linafunguliwa."

"Na sisi?"

"Kila siku saa nane mchana, aliyekalia kiti changu anaandika TAYARI kwa lori namba saba. Nimeongeza mistari michache. Ijumaa akiandika neno hilo, vibali vitatoka viwili. Cha saba na cha kwetu. Chetu hakitaonekana kwenye jedwali. Jioni akifunga faili, mistari yangu inajifuta."

"Faili utaliingizaje humo ndani?"

"Limeshaingia."

Hapo Karani aliinamisha macho. Aliyerithi kiti chake wafanyakazi walimwita Mrithi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, zamani dereva wa mashine za kubebea mizigo, aliyepewa kazi ya mezani baada ya kuumia mgongo. Kompyuta aliiogopa kama sindano. Faili likikwama alimpigia Karani, naye kila mara alimsaidia bure. Jumamosi alipiga tena. Karani akamwambia, nitumie nikutengenezee. Akalitengeneza kweli, akaongeza na ya kwake, akamrudishia na maelezo: ikikuuliza uruhusu makro, bonyeza ruhusu. Mrithi alimshukuru na kumwombea dua ndefu kwenye simu, yeye na uzao wake. Karani aliitikia amina.

Mwenyekiti aliweka kidole kwenye skrini. Hakuwa mjinga. "Huo mstari wa juu ni wa nini?"

"Unaizima programu masikio. Makro ikishaandika saa, hayo nayo ni mabadiliko. Ikijisikia itaamka tena, iandike tena, ijisikie tena. Haitakoma. Kwa hiyo kwanza naizima masikio, inafanya kazi, halafu mstari wa mwisho unaiwasha."

"Na ikianguka katikati? Kabla ya huo mstari wa mwisho?"

"Masikio yanabaki yamezimwa. Lakini haianguki. Huyu bwana anaandika kwa kidole kimoja, kisanduku kimoja, pole pole. Namjua."

"Unamjua," alisema Mwenyekiti. "Vizuri."

Kwenye kiti cha tofali alikuwa amekaa Dereva. Alikuwa mdogo wake Karani, tumbo moja. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka tisa na dada yake kumi na tisa, na tangu siku hiyo Karani ndiye aliyemfulia, aliyemsomesha, aliyemchapa na kumbembeleza. Miaka miwili nyuma, akiendesha gari la Mwenyekiti, alimgonga mtu usiku, na mtu yule hakuamka. Mwenyekiti alilificha gari. Leseni ya Dereva aliiweka kwenye droo yake pamoja na picha nne za ajali ile. Ndiyo kamba aliyomfunga nayo. Safari hii alisema ni kazi ya mwisho, na leseni itarudi, na picha zitachomwa mbele yao.

Kikao kilipofungwa, Dereva na Bubu walitoka kukagua kichwa cha lori. Mwenyekiti alimzuia Karani kwa jicho.

"Bubu atalala nyuma ya kiti cha mdogo wako, pale pazia lilipo. Zikifika dakika kumi bila karatasi, Bubu ataruka ukuta peke yake. Mdogo wako anajua nyumba yangu. Siwezi kumwacha akahojiwe. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Basi karatasi na itoke."

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Dereva alipaka mafuta bawaba za mlango wa lori, akazipaka tena. Alikuwa akipiga mluzi. Toka utotoni, hofu ikimshika anapiga mluzi.

"Dada, hii ikiisha naendesha hata mkokoteni."

"Utaendesha nini wewe, mkokoteni wenyewe utaugongesha."

Alicheka. Karani alimrekebisha kola, ingawa ilikuwa sawa. Alitaka kumwambia habari za dakika kumi. Lakini mtu mwenye hofu akiongezewa hofu mikono hutetemeka, na mikono ya kuunganisha tela haitakiwi kutetemeka. Akanyamaza. Alijilaumu hapo hapo.

Bubu alifika na chupa ya maji na mdomo wake. "Shemeji!" Alimwita hivyo Karani bila sababu yoyote. "Umeona? Na mimi sasa ni mtu wa malori. Mwezi mzima najifunza. Kulishika tela nalishika, kurudi nyuma narudi. Kesho mtaniona juu, kiwiko dirishani, kama bwana mkubwa."

"Umejifunzia nini?" aliuliza Dereva.

"Ujuzi hauozi, mdogo wangu." Akapanda, akajilaza nyuma ya pazia. Akaendelea kusema humo humo.

SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza. Karani alikuwa na kitambulisho cha mgeni kifuani na sababu nzuri mdomoni: amefuata barua ya utumishi. Bibi wa utumishi alikuwa hajarudi kutoka kula. Mrithi alimkaribisha kwa mikono miwili, akamfutia kiti cha plastiki.

"Dada! Kaa, kaa. Hapa ni kwako."

Kiti kilikuwa karibu na dirisha. Chini aliuona uwanja wa zege kati ya malango, na kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee waliyemwita Babu, macho yamechoka lakini miwani haitaki katakata. Kwa ajili yake Karani ndiye aliyefanya herufi za kibali ziwe kubwa, za kusomeka toka mbali.

"Faili linaendaje?"

"Linateleza! Toka uliponirudishia, sijapata shida. Mungu akuzidishie."

Karani alitazama dirishani.

SAA NANE NA DAKIKA MOJA

Lango la ndani lilifunguka. Kichwa cha bluu, tela la shaba nyuma. Dereva aliingia uwanjani taratibu kama mtu anayekwenda harusini. Lango likafungwa nyuma yake. Alisimamisha pembeni ya kibanda, mlango wake ukitazamana na kidirisha cha Babu.

Juu, Mrithi aliivuta kibodi.

"Sasa dada, tazama kitu. Leo utanicheka." Alikuwa anatabasamu hadi magego. "Binti yangu kanifundisha jana. Mimi kumbe nilikuwa napoteza muda, neno moja moja! Yeye kaniambia, baba, nakili mstari wa jana wote, bandika. Kwisha!"

"Subiri," alisema Karani.

Mrithi alibandika.

Visanduku vitano vilijaa kwa mkupuo. Makro iliamka. Ikajizima masikio kama ilivyofundishwa, ikauliza: je, neno lililoandikwa ni TAYARI? Lakini haikuletewa neno moja. Ililetewa maneno matano kwa pamoja, na swali lake lilikuwa la neno moja. Ikaanguka. Kisanduku cha onyo kiliruka kwenye skrini, na Mrithi akabonyeza Maliza haraka, kama Karani mwenyewe alivyomfundisha zamani: kelele zikitokea, bonyeza Maliza.

Mstari wa mwisho haukufikiwa. Masikio yalibaki yamezimwa.

"Ah," alisema Mrithi. Akafuta, akaandika TAYARI kwa kidole, herufi moja moja. Saa haikujiandika. Akaandika tena. Kimya. "Dada, limekwama tena."

Miaka yote Karani amelitunza faili lile, na hakuna aliyewahi kubandika. Hakuweka kinga ya kitu kisichowahi kutokea. Alimjua mtu wake, ndiyo. Binti wa mtu wake hakumjua.

SAA NANE NA DAKIKA NNE

Simu ilitetemeka. Mwenyekiti, sauti ya chini.

"Karatasi."

"Inakuja. Kuna kikwazo kidogo."

"Ina dakika saba."

Karani alisogea kwenye kona, akafunika mdomo kwa mkono. "Ikitoka, mdogo wangu anarudi leo?"

Mwenyekiti alikuwa na jibu la kila kitu, na sasa alikuwa anatafuta.

"Kila mtu atarudi alikotoka," alisema, akakata.

Karani alibaki na simu sikioni. Bubu amejifunza malori mwezi mzima. Kesho mtaniona juu, kiwiko dirishani. Na aliyekaa juu leo, kesho atakuwa wapi? Lori halina viti viwili vya dereva. Mtu hamwajiri mwuaji na kumsomesha udereva kwa mapenzi. Karatasi ikitoka, mdogo wake atauawa njiani. Isipotoka, atauawa pale pale. Mwenyekiti alikuwa ameshapitisha azimio, wao walikuwa wanakalia kikao tu.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake alimgeukia Mrithi.

"Nipishe nikae."

"Kaa, dada! Ndiyo maana Mungu kakuleta leo."

SAA NANE NA DAKIKA SITA

Kuizima programu na kuiwasha upya kungetosha kurudisha masikio, lakini kompyuta ile ilikuwa kongwe, inachukua dakika nne kuamka. Dakika nne hakuwa nazo. Alifungua ukurasa wa nyuma wa jedwali, pale mistari inapokaa. Kwenye kidirisha cha chini aliandika amri moja: washa matukio. Akabonyeza. Masikio yakarudi.

Babu ataisoma karatasi yoyote itakayotoka, kwa herufi zake kubwa. Basi na aisome ya kweli. Kwenye safu ya Maelezo aliandika:

NYUMA YA KITI CHA DEREVA KUNA MTU MWENYE BUNDUKI. MSHUSHE DEREVA KWANZA KWA UTULIVU. USIFUNGUE LANGO.

Mrithi alikuwa akisoma begani kwake. Midomo yake ilisogea, ikasimama.

"Dada, hii ni nini?"

"Kaa kimya, nakuomba. Yule dereva ni mdogo wangu."

Sasa mistari. Ule unaotuma kibali aliugeuza utume Maelezo. Ule unaouliza kama neno ni TAYARI ndio ulioiangusha makro, akaufuta. Halafu macho yake yakafika kwenye mstari wa juu, ule wa kuzima masikio. Uliomponza. Kama usingekuwepo, yote haya yasingetokea. Hawezi kuruhusu izimike tena, si leo, si kwa dakika zilizobaki. Akaufuta nao.

Haraka haraka haina baraka, na Karani alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alikuwa amemweleza Mwenyekiti kwa mdomo wake mwenyewe mstari ule ni wa nini. Siku ya pili ya kazi ya Mrithi alimweleza naye. Angeamshwa usingizini angeueleza. Lakini dirishani alikuwa akiona kofia ya mdogo wake, na saa ilikuwa inakwenda.

SAA NANE NA DAKIKA TISA

Aliandika TAYARI. Akabonyeza.

Chini, printa ilitema karatasi. Babu aliichukua, akaisogeza mbali na macho kama kawaida yake. Akasoma. Karani aliona mabega ya mzee yakikaza kidogo, kisha yakalegea. Babu alikuwa mtu mzima kwelikweli. Aliiweka karatasi chini, akachukua kalamu, akatoa kichwa kidirishani.

"Kijana, shuka uweke saini!" Sauti yake ilifika hadi juu. "Tela hili linataka saini ya dereva. Shuka, shuka, jua kali hili."

Mlango wa lori ulifunguka. Dereva alitoa mguu mmoja, akakanyaga ngazi. Karani alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Shuka, mdogo wangu. Hatua mbili tu. Shuka.

Printa ilitema karatasi ya pili.

Karani alisikia mlio kupitia dirisha lililo wazi, akageuka kwenye skrini. Safu ya Saa ilikuwa inajiandika. Ikajiandika tena. Ikajiandika tena. Kila saa iliyoandikwa ilikuwa tukio, kila tukio liliamsha makro, na makro ilituma karatasi na kuandika saa.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana." Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Alibonyeza vyote. Programu ilikuwa imeganda, haimsikii mtu, inajisikia yenyewe.

Ya tatu. Ya tano. Ya tisa. Trei ya printa ilijaa, karatasi zikaanza kumwagika kwenye ubao wa kidirisha na kuanguka nje. Babu alijaribu kuzikusanya kwa mikono miwili. Upepo ulizichukua, ukaingiza mojawapo ndani ya lori kupitia ule mlango uliofunguliwa.

Pazia la nyuma ya kiti lilisogea.

Karani alimwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mama yao pekee alilitumia. Dereva aliinua uso, akamwona dada yake dirishani. Mguu mmoja ulikuwa ngazini, mwingine ulikuwa umeshagusa zege.

Mlio wa risasi ulikuwa mmoja tu.

SAA NANE NA DAKIKA KUMI NA MBILI

Hakukumbuka ngazi. Alikumbuka zege, la moto, na kichwa cha mdogo wake mapajani mwake, na damu iliyokuwa inatoka mgongoni ikiloweka karatasi zilizolala chini. King'ora kilikuwa kinalia. Bubu alikuwa amejaribu kuruka ukuta, akaanguka, akavunjika kifundo. Alikaa pale pale akiwa amezungukwa na walinzi wanne, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na neno.

"Dada," alisema Dereva. "Nilikuwa nashuka."

"Najua. Nimekuona."

"Yule mzee kasema saini."

"Ndiyo. Usiseme sana."

Alijaribu kupiga mluzi. Ilitoka pumzi tu. Karani alimshika kola, akaiweka sawa, na alipomaliza kuiweka sawa hapakuwa tena na mtu wa kuvaa.

Simu ilitetemeka mfukoni. Karani aliipokea, akampa askari wa kwanza aliyefika, ikiwa bado inasema. "Ni duka la matairi," alimwambia, "kona ya pili baada ya daraja. Kuna chumba nyuma. Droo ya chini ina leseni ya mdogo wangu."

SAA KUMI JIONI

Walimpandisha tena ofisini. Mrithi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, pingu mikononi, analia bila kujificha. Kompyuta ilikuwa yake, faili lilikuwa lake, na ruhusa aliibonyeza yeye. Kwenye skrini, programu iliyokuwa imeganda ilikuwa imezinduka, na sasa ilikuwa inauliza kama mabadiliko yahifadhiwe. Afisa kijana alikuwa amesogeza kidole kwenye hapana.

"Hifadhi," alisema Karani.

"Nini?"

"Hifadhi, afande. Ukisema hapana vinapotea vyote. Nilichoandika kipo humo, nilichofuta pengo lake linaonekana humo. Huyu hajui kitu. Anajua kunakili na kubandika, na hilo kafundishwa jana na mwanawe. Mfungueni."

Afisa akahifadhi.

Mrithi alifunguliwa. Alisugua vifundo vya mikono, akasimama, akapita karibu na Karani bila kumwangalia. Mlangoni alisita, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda zake. Karani hakutegemea zaidi ya hapo.

Afisa aliweka rundo la karatasi mezani. Nyingine zilikuwa safi, nyingine zimekauka damu na kushikana. Zote zilikuwa na maneno yale yale kwa herufi zile zile kubwa. Alizipanga, akanyoosha kingo, akachukua kalamu.

"Ziko sitini na mbili," alisema. "Zote umeandika wewe?"

"Niliandika moja."

"Moja?"

Karani alitazama dirishani. Kule chini walikuwa wanamwaga maji kwenye zege, na mlango wa lori bado ulikuwa wazi.

"Moja ilikuwa imetosha," alisema.